Kumbukumbu ya baba baada ya msiba: mwongozo kamili kwa watoto waliobaki

Wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya mazishi huwa mfupi, na haina budi uwe hivyo. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akajaliwa watoto kadhaa na wajukuu, akaanza kuugua, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mara nyingi umeandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mjomba mmoja pamoja na binamu mwenye mwandiko mzuri. Hakuna wa kulaumiwa. Ila kwa familia nyingi karatasi ile ndiyo maandishi ya kwanza na ya mwisho kuhusu baba, na hata yenyewe hubaki mfukoni mwa aliyeisoma. Baadaye mjukuu anauliza babu alikuwa mtu wa namna gani, anajibiwa: "Alikuwa mtu mzuri sana."

Mwongozo huu ni wa watoto wanaotaka jibu refu kuliko hilo. Mifano mingi ni ya Tanzania, na kidogo ya Kenya. Kumbukeni kwamba baba hakuacha habari zake mahali pamoja: kuna alizoacha kwa mama, kuna zilizo kwa mtu aliyelala naye bweni moja, nyingine zimo kwenye simu, nyingine kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Zote hizo hazipotei kwa kasi moja. Kwa hiyo hatua nimezipanga kwa kufuata kinachowahi kupotea.

Hatua ya 1: Wakati wa matanga, mtu mmoja ashike daftari

Usiku, chakula kikishaliwa na watu wakishajinyoosha kwenye mikeka chini ya turubai, ndipo baba anaposimuliwa kuliko wakati wowote utakaofuata. Wenzake wa kazini wapo, majirani wa mtaa wa zamani wapo, shangazi aliyekuja na basi la usiku yupo. Watu hao hawatakusanyika tena. Wafiwa wenyewe hawana hali ya kuandika, kwa hiyo mpeni kazi hiyo mpwa au binti wa binamu anayeandika haraka. Asihoji mtu. Akae, asikilize, aandike jina la msimulizi na kisa kwa mistari miwili mitatu ili baadaye mjue pa kurudi.

Kama kabila lenu lina watani, kama walivyo Wazaramo na Wanyamwezi, huenda mkamwona mtu amevaa koti la marehemu, ameshika fimbo yake, anatembea kama yeye na kufoka kama yeye. Wageni wa mila hii hukasirika. Mwacheni. Mtani ana ruhusa ambayo mchungaji na shehe hawana: atasema mzee alikuwa mbahili wa nauli, atasema aliogopa sindano mpaka akajificha chooni. Kwa maoni yangu hakuna wasifu mkweli kuliko huo. Kijana mmoja arekodi kwa simu, kwa idhini ya wenye msiba, bila kumulika watu taa usoni.

Halafu lipo daftari la rambirambi, ambalo huandikwa jina na kiasi. Ongezeni safu ya tatu: *alimfahamu marehemu wapi*. Maneno mawili yanatosha, "jeshini Mgulani", "kwaya", "jirani Tandika". Safu hiyo ndiyo itakayokuwa ramani yenu mkifika hatua ya 5, na daftari lenyewe msilitupe hata hesabu zikishafungwa. Siku wale waliowachangia watakapofikwa, mtalihitaji.

Hatua ya 2: Simu yake, kabla hajapewa mtu

Simu ya marehemu huanza safari mapema sana. Kabla hata arobaini haijafika, kijana mmoja ameshaiomba, ameiflashi na kuweka laini yake. Fanyeni haya kwanza:

1. Wekeni laini hai. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba hupewa mteja mwingine. Siku moja unafungua WhatsApp unakuta jina la baba lina picha ya msichana usiyemjua. Ongezeni salio kidogo na piga nayo mara moja moja mpaka mambo yote yaliyofungwa kwenye namba hiyo yamalizike.

2. Nakilini sauti. Ujumbe wa sauti aliowatumia umo kwenye simu *zenu*, na kila anayebadilisha simu anaweza kuupoteza. Kila mtoto afungue mazungumzo yake na baba, aende kwenye vidoti vitatu juu, achague kuyahamisha pamoja na faili zake, kisha ajitumie kwa barua pepe. Kwenye simu nyingi za Android, faili zote za sauti hukaa kwenye folda iitwayo WhatsApp Voice Notes. Inawezekana kuinakili nzima kwenye kompyuta. Faili hizo huishia na .opus na baadhi ya programu hukataa kuzifungua, ila VLC huzifungua. Hamlazimiki kuzisikiliza sasa. Nakilini tu.

3. Akaunti yenyewe ya WhatsApp isipotumika kwa siku 120 huweza kufutwa. Google nayo ina sera ya kufuta akaunti zilizolala miaka 2, pamoja na picha zilizomo. Kama baba alikuwa na Gmail kwenye simu yake, pakueni picha mapema.

4. Pesa zilizo kwenye simu ni mirathi. Najua mama anaifahamu namba ya siri na najua msiba una gharama, lakini kuzitoa kimyakimya ndiko kunakozaa maneno kwenye kikao cha ukoo. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, ataenda kwenye kampuni ya simu na cheti cha kifo na barua yake ya uteuzi.

Hatua ya 3: Chumba kipigwe picha kabla hakijaguswa

Muulizeni mama kwanza. Kama yumo kwenye eda, miezi minne na siku kumi, msiingie na mifuko ya kubebea nguo kana kwamba mnahamisha mpangaji. Akisharidhia, pigeni picha kila kona jinsi alivyoiacha: miwani juu ya redio, kalenda yenye tarehe alizozungushia wino, viatu mlangoni, kitabu cha nyimbo au msahafu na pale alipoweka alama. Baada ya hapo ndipo mgawe nguo kwa utaratibu wa kwenu.

Katika kugawa, andikeni nani amechukua nini. Koti limekwenda kwa baba mdogo, saa kwa mtoto wa kwanza wa kiume, jembe la palizi kwa jirani aliyelima naye. Vitu vyenye thamani ya mirathi, kama pikipiki, cherehani au mashine ya kazi, visubiri msimamizi.

Na hapa kuna neno la kusema wazi. Misiba mingi huleta mtoto ambaye nyumba haikumjua, au iliyemjua ikanyamaza. Mambo ya urithi yana wataalamu wake. Kwa upande wa kumbukumbu, mtoto huyo ana picha ambazo ninyi hamna, na amemjua baba wa miji ambayo ninyi hamkuishi. Mpeni nafasi kwenye daftari.

Hatua ya 4: Makaratasi

Cheti cha kifo kwanza. Tanzania Bara kifo husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na sheria inataka taarifa itolewe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali huanza na karatasi ya hospitali. Aliyefia nyumbani, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kenya, kifo cha nyumbani huanzia kwa naibu wa chifu. Hakikisheni jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, hati ya kiwanja na benki, maana herufi moja ikitofautiana mtapelekwa kula kiapo.

Kisha fungueni ile bahasha ya kaki. Hutakosa barua ya ajira, cheti cha ubatizo au cha ndoa, kadi ya TANU au ya JUWATA (jumuiya ya wafanyakazi ya zamani), risiti za ada zenu, barua za mkopo, labda hati ya malipo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ikaacha watumishi wake wakifuatilia mafao kwa miaka mingi. Kila karatasi yenye tarehe ni mshikio wa kusimamishia habari za wazee. Pigeni picha zote kwa mwanga wa dirishani, pande zote mbili. Msizipige laminesheni, kwa sababu joto na gundi haviondoki tena. Tumieni bahasha safi, na muondoe pini zenye kutu.

Hatua ya 5: Wazee

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoahirishwa. Watu wanaomjua baba kabla ya ninyi kuzaliwa ni wa umri wake au wamemzidi. Chukueni safu ya tatu ya daftari la rambirambi, chagueni wachache, anzeni na mkubwa kwa umri na aliye mgonjwa.

Kwa Mwislamu jambo hili ni zaidi ya utafiti: ipo hadithi katika Sahihi Muslim kwamba katika wema ulio bora kabisa ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake. Hata kwa asiye Mwislamu, mzee aliyempoteza rafiki huwa amekaa peke yake na msiba ambao hakuna aliyempa pole. Msiende mikono mitupu. Sukari, sabuni, majani ya chai, au kilo ya nyama kama mnamfahamu. Aende mtu mmoja au wawili, na mmojawapo awe anaielewa lugha ya nyumbani, kwa sababu mzee akikolea ataacha Kiswahili.

Mkifika, msitoe simu mezani kabla ya salamu. Salamu zenyewe zina urefu wake: shikamoo, habari za hapa, watoto, mvua, miguu inasemaje. Kisha jitambulisheni kwa jina la baba, si la kwenu: "Sisi ni watoto wa mzee fulani, mliyekuwa naye reli." Ombeni ruhusa ya kurekodi. Wekeni simu kwenye hali ya ndege ili isilie, iwekeni juu ya kitambaa karibu na mzee, mbali na feni na redio, na muanze kwa kutamka jina lake, mahali na tarehe.

Swali "alikuwa mtu wa namna gani" litaleta jibu lile lile la makaburini. Ulizeni vitu vinavyoonekana:

- Mlikutana wapi mara ya kwanza, na alikuwa amevaa nini?
- Mshahara ukitoka, alikuwa akianza na nini?
- Mlimwita nani? (Karibu kila mzee alikuwa na jina la utani ambalo watoto wake hawalijui.)
- Aligombana na nani, na walipatanishwaje?
- Alimwonaje mama kwa mara ya kwanza, na nani alipeleka barua ya posa?
- Kuna kazi au safari aliyotaka akaikosa?

Kuhusu miaka, wazee wengi hawahesabu kwa tarakimu, wanahesabu kwa matukio. Andaeni orodha fupi muulize "kabla au baada ya": Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, vita ya Kagera 1978 hadi 1979, foleni za sukari na msako wa wahujumu uchumi 1983, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Nino 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Kwa familia za Kenya, kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978 na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 hufanya kazi hiyo hiyo. Mzee akisema "tulipanga chumba kimoja mwaka ule wa unga wa njano," mmeshapata mahali pa kuanzia.

Wazee wawili wakipingana, andikeni yote mawili na majina yao. Msisuluhishe.

Mtasikia pia yasiyopendeza. Ulevi wa miaka fulani, mke aliyeachwa, ndugu aliyedhulumiwa shamba. Rekodini, kisha mkae kama ndugu muamue kipi kinaandikwa na kipi kinabaki kwa watu wazima. Mimi naona baba aliyeandikwa kama malaika hupotea haraka, kwa kuwa wajukuu hawamwamini. Ila aibu ya mtu aliye hai isiandikwe bila yeye kukubali. Mama ndiye mwenye neno la mwisho katika yanayomhusu, na yeye pia ahojiwe, taratibu, baada ya miezi, kwa vipande vifupi, akiwa anachambua mchele au anasuka ukili. Akinyamaza, zima simu.

Hatua ya 6: Picha na kanda

Picha za zamani za studio, zile za pazia lenye mandhari na maua ya plastiki, huharibiwa zaidi na albamu zenye kurasa za kunata. Zikiwa zimegandana, pitisheni uzi mwembamba wa meno nyuma ya picha taratibu. Msivute kwa kucha. Steshenari yenye skana itawafanyia kazi, mwambieni aweke 600 dpi kwa picha ndogo. Skana ikikosekana, pigeni kwa simu kivulini, bila taa ya simu, picha ikiwa imelala sawa.

Muhimu kuliko usafi wa picha ni majina. Kaeni na shangazi, mmoja aonyeshe, mwingine aandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: nani, wapi, mwaka gani kwa kukadiria. Wino wa kalamu huvuja upande wa mbele. Kanda za kaseti za harusi au kwaya zikiwa na ukungu mweupe msizicheze kwenye redio ya nyumbani, zitakatika na kuchafua kichwa cha redio. Mpelekeeni fundi anayehamisha sauti kwenda kwenye kompyuta, na mwacheni asafishe kwanza.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta ya mtoto mmoja, moja kwenye diski ya nje au kadi iliyo kwa mwingine *katika mkoa mwingine*, na moja mtandaoni. Flashi peke yake haitoshi.

Hatua ya 7: Andikeni wasifu wa pili

Baada ya miezi sita hivi mtakuwa na vya kutosha. Mwandishi awe mmoja, wengine wasomaji. Kurasa kumi hadi ishirini ni nyingi tayari. Msifuate miaka tangu kuzaliwa mpaka kufa. Gaweni kwa mahali alipoishi, kwa sababu ndivyo wazee walivyosimulia na ndivyo picha zilivyojipanga. Wekeni maneno yake kama alivyoyasema, hata kama yalikuwa ya kilugha, na tafsiri pembeni. Wekeni bei ya vitu, njia aliyopita kwenda kazini, alichokuwa akikipika yeye siku mama hayupo. Tumbuizeni kidogo pia; si lazima kila ukurasa ulie. Mwishoni pawe na mti wa ukoo kwa kadiri wazee walivyokumbuka, kisha mchape nakala chache steshenari, zifungwe kwa gundi, kila tawi la ukoo lipate moja.

Hatua ya 8: Kaburi

Msijengee haraka. Udongo hushuka, na saruji iliyowahishwa hupasuka. Acheni walau msimu mmoja wa masika upite. Jina na tarehe zilinganishwe na cheti cha kifo kabla fundi hajachonga. Misalaba na uzio wa chuma kwenye makaburi ya mjini huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa hiyo zege au jiwe ni salama zaidi. Kwa Waislamu wengi alama ya kawaida kichwani inatosha na kujengea hakupendezi. Kwa Wachagga wanaozika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kaburi ni sehemu ya nyumba na watoto hulikuta kila Krismasi wanapopanda. Pahala popote lilipo, hifadhini alama ya mahali kwenye ramani ya simu, na kama ni shambani, eneo la makaburi liandikwe kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo ili siku shamba likiuzwa lisiuzwe nalo.

Hatua ya 9: Kumbukumbu ya kila mwaka

Mwaka wa kwanza watu huja bila kuitwa. Wa tatu ndio mgumu, kwa hiyo pangeni kitu mnachokimudu tangu mwanzo. Wakatoliki wana nia ya misa, ambayo hulipiwa kwa sadaka ndogo parokiani, na tarehe 2 Novemba ya kuwaombea marehemu wote. Walutheri wengi hufanya ibada ya shukrani nyumbani. Waislamu husoma hitma na kulisha watu. Masheikh wana misimamo tofauti kuhusu arobaini na hitma za mwaka, basi fuateni mlivyolelewa na msigombane mbele ya mama.

Tangazo la kumbukumbu gazetini, lile la picha na "ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke", bado lina heshima yake kwa wazee. Bei hupanda kwa ukubwa wa nafasi, kwa hiyo punguzeni sifa, mtaje majina ya wanaomkumbuka kama yeye mwenyewe alivyowaita.

Hatua ya 10: Jambo la kudumu, kwa hesabu

Hadithi mashuhuri husema amali za mwanadamu hukatika akifa isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kabla ya kuchimba kisima kwa jina lake, lipeni madeni yake. Tangazeni msikitini, kanisani na kazini kwake kwamba anayemdai ajitokeze, na mpange muda wa mwisho wa kupokea madai.

Baada ya hapo chagueni kimoja kinacholingana na alivyoishi. Fundi seremala akumbukwe kwa kumnunulia kijana mmoja vifaa vya kuanzia, mwalimu kwa vitabu vya shule aliyofundisha. Mkiamua kufungua mfuko wa ada, andikeni mambo manne kwenye karatasi moja: kila mtoto anachangia kiasi gani kwa mwezi, nani anatunza, nani anakagua, na mwanafunzi anachaguliwaje. Akaunti iwe ya pamoja yenye sahihi mbili, moja ya mtoto anayeishi nyumbani na nyingine ya anayeishi mbali. Anayeshindwa kuchangia mwaka fulani aseme mapema na asisutwe. Mwanafunzi akishapatikana, mpeni nakala ya ule wasifu wa pili pamoja na risiti ya ada.